Kitanzi cha shaba au chenye homoni? Angalia damu yako kwanza

Toleo lililopita niligusia kitanzi, kile kifaa cha kuzuia mimba kinachowekwa ndani ya kizazi, kwa mistari michache tu (wengine mnaita lupu, ndugu zetu wa Kenya koili) na barua zikamiminika. Wengi mnauliza kitu kimoja, kipi bora, kile cha shaba au kile chenye homoni. Nimechagua barua chache ambazo naona zinabeba maswali ya wengine, majina nimeyaacha.

Swali: Dada mkunga shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili nipo Mbagala, nina miaka 31. Nilitumia sindano ya miezi mitatu kwa muda mrefu ikanivuruga, mara nakaa miezi sioni siku zangu, mara natoka damu wiki mbili mfululizo, na mwili ukaongezeka. Nikaacha. Sa hivi siku zangu zimerudi ila zimerudi vibaya, siku saba mpaka nane, siku ya pili na ya tatu kila saa moja na nusu nabadilisha pedi na mabonge yanatoka, nikipanda ngazi tu nahema na moyo unaenda mbio. Nimeenda kituo cha afya nesi kanambia kitanzi cha shaba kipo, bure, niwekewe siku hiyo hiyo, miaka 12 sina habari ya uzazi. Jirani yangu yeye kawekewa kingine hospitali ya kulipia, kina homoni, anasema siku zake zimekata kabisa. Mimi homoni sizitaki tena kwa yaliyonikuta, alafu naogopa, sasa damu isipotoka inakaa wapi? Nichague kipi dada yangu?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Umenieleza vizuri sana na kwenye barua yako jibu tayari limo, lipo pale unaposema pedi kila saa moja na nusu na kuhema kwenye ngazi. Kabla ya kitanzi chochote wiki hii nenda ukapimwe wingi wa damu. Ukilowesha pedi ndani ya saa moja au mbili, ukitoa mabonge, ukizidisha siku saba, hiyo ni hedhi nzito na inatakiwa itafutiwe sababu, inaweza kuwa uvimbe kwenye kizazi, inaweza kuwa homoni zako mwenyewe hazijakaa sawa baada ya sindano, inaweza kuwa kitu kingine. Na huko kuhema, mara nyingi ni damu imeshapungua mwilini. Omba na ultrasaundi kama ipo.

Sasa tuje kwenye vitanzi vyenyewe maana watu wanaviongelea kama ni kitu kimoja chenye bei mbili, na sivyo.

Kile cha shaba ni kiplastiki chenye umbo la herufi T, kimezungushiwa waya wa shaba. Kilichozoeleka kwenye vituo vyetu kinaitwa Copper T 380A, hiyo 380 ni eneo la shaba kwa milimita za mraba. Daktari wa Chile, Jaime Zipper, ndiye aliyegundua miaka ya 1960 kwamba shaba ikiwekwa kwenye kizazi inazuia mimba, akaungana na Howard Tatum wa Marekani aliyekuwa ametengeneza hiyo T ya plastiki. Shaba inafanya mazingira ya ndani ya kizazi yawe sumu kwa mbegu za mwanaume, zinaishiwa nguvu kabla hazijalifikia yai. Homoni hakuna hata chembe. Mayai yako yanaendelea kupevuka kila mwezi, hedhi inakuja kila mwezi, kwenye pakiti kinaandikwa miaka 10 na tafiti zimeonyesha kinaendelea kufanya kazi mpaka 12, ndo hiyo miaka nesi aliyokutajia. Ila hiyo shaba ikishaingia inachokoza kizazi, kwahiyo miezi mitatu mpaka sita ya mwanzo hedhi inakuwa nzito zaidi na ndefu zaidi na chango linauma zaidi. Kwa wengi inatulia, kwa wengine inabaki juu kidogo kuliko ilivyokuwa zamani.

Umeona tatizo lako liko wapi. Mwanamke anayetoka damu siku tatu, nyepesi, hana maumivu, hataki homoni na anataka kitu cha muda mrefu, huyo nampa cha shaba bila kusita na atanishukuru. Wewe unayelowesha pedi kila saa moja na nusu, ukiongezewa hata robo ya damu hiyo, tutakukuta umelazwa unaongezewa damu. Shirika la Afya Duniani halijakataza kabisa cha shaba kwa mwenye hedhi nzito au upungufu wa damu, limesema tu kiwekwe kwa uangalizi, lakini mimi nikikutazama wewe kwa barua yako, hapana, sio sasa.

Kile cha homoni nacho ni T, ila katikati kina kijimfuko chenye dawa inaitwa levonogestreli. Hiyo dawa unaijua hata kama hulijui jina, ndo iliyo kwenye P2, vile vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, na ndo iliyo kwenye vile vijiti viwili vya Jadelle vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono. Kinachojulikana zaidi ni Mirena, kilianza kuuzwa Finland mwaka 1990. Ndani kina miligramu 52 na mwanzoni kinatoa kama maikrogramu 20 kwa siku, baadae zinapungua. Chukua hesabu hii uone ukubwa wake: dozi moja ya P2 ni miligramu 1.5 unameza kwa mkupuo, kiasi hicho hicho kitanzi kinakigawa kwa siku 75. Na kinaachia palepale kwenye kizazi, inayoingia kwenye damu ni kidogo. Sindano uliyochoma ni homoni nyingine, inaingia mwilini mwote kwa wingi alafu ukishachomwa huwezi kuitoa, unasubiri iishe yenyewe. Kitanzi kikikushinda kinatolewa leo na ndani ya siku chache dawa imeisha mwilini. Sisemi hakina maudhi, wapo wanaopata chunusi, kichwa, maziwa kuuma, wengine moyo unakuwa mzito hawana raha, na miezi mitatu mpaka sita ya kwanza matone matone yanakuja bila ratiba. Lakini usikihukumu kwa makosa ya sindano.

Na damu inakaa wapi? Swali hili nimeulizwa wodini, nimeulizwa sokoni, nimeulizwa msibani. Haikai popote maana haijatengenezwa. Kila mwezi kizazi kinajitandikia utando laini wenye damu kwa ajili ya kupokea mimba, mimba isipokuja utando unabomoka unatoka, hiyo ndo hedhi. Homoni ya kitanzi inazuia ule utando usijengeke mnene, kwahiyo hakuna cha kubomoka. Sio damu chafu imefungiwa ndani. Karibu mwanamke 1 kati ya 5 anakuwa haoni kabisa siku zake akifikisha mwaka, wengine wanaona kidogo tu. Kwa wenye hedhi nzito kama wewe damu inapungua kwa kiasi kikubwa mno, kiasi kwamba madaktari wanakitumia kama tiba ya hedhi nzito yenyewe, hata kwa mwanamke asiyehitaji kupanga uzazi.

Kwahiyo kwako mdogo wangu, ikithibitika hakuna ugonjwa mwingine ndani, mimi naelemea cha homoni. Najua tatizo litakalofuata, hakipo kila kituo, vituo vingi vya serikali utakuta cha shaba tu, na cha homoni kinapatikana zaidi hospitali kubwa na za binafsi na kinalipiwa. Uliza hospitali ya wilaya au ya mkoa, uliza mashirika ya uzazi wa mpango kama UMATI na Marie Stopes, wakati mwingine kinafika kwa misaada. Na huku unatafuta, tibu damu, meza vidonge vya kuongeza damu kama daktari atakavyokuandikia, kuna na dawa za kupunguza hedhi anaweza kukupa kwa zile siku nzito, na mimba unaikinga kwa kondomu. Usikubali kuwekewa kitu cha miaka 12 sababu tu ndo kilichopo kabatini siku hiyo.

Kwenye kuzuia mimba usihangaike kuvishindanisha, vyote viwili kati ya wanawake 100 hafiki hata 1 anayepata mimba mwaka wa kwanza. Sindano kwa watumiaji wa kawaida wanapata kama 4, vidonge kama 7, maana watu wanasahau tarehe.

Swali: Assalamu alaykum dada. Niko Mombasa, nimeolewa, nina mtoto mmoja wa miezi minane namnyonyesha. Hedhi yangu imesharudi, ni siku tano, ya kawaida tu haina taabu. Hapa hospitali koili zote mbili zipo. Shida yangu mimi ni swala. Nimesikia hiyo ya homoni inatoa matone ovyo ovyo, sasa nitajuaje hii ni hedhi na hii sio, na Ramadhani hiyo yaja. Nifanye vipi?

Jibu: Waalaykumu salaam warahmatullah. Nakushukuru kuuliza hili waziwazi, maana wanawake wengi wa pwani wanatoa kitanzi mwezi wa pili sio kwa maumivu bali kwa kuchoshwa na kutojua wasali au wasisali, na hakuna aliyewaambia mapema.

Ulichosikia ni kweli. Cha homoni miezi ya mwanzo kinavuruga mpangilio, leo tone, kesho hakuna, keshokutwa rangi ya kahawia, na hali hii inaweza kwenda mpaka miezi sita ndo itulie, na ikishatulia wengi wanabaki na damu kidogo sana au hawaoni kabisa. Cha shaba kinakuachia mwezi wako ulivyo, hedhi inakuja kwa wakati wake ila inaweza kuongezeka siku moja mbili na kuwa nzito kiasi, na miezi ya mwanzo matone ya hapa na pale yanaweza kutokea pia lakini sio kwa fujo ile. Kwako wewe mwenye hedhi ya siku tano isiyo na taabu na unayejali kujua siku zako kwa uhakika, cha shaba kinakufaa zaidi. Wala maziwa ya mtoto hayaguswi, sio na hiki sio na kile.

Ukipenda cha homoni bado, basi usikiweke mwezi mmoja kabla ya Ramadhani, kiweke baada ya Idi ili ule mvurugo uishe mapema kabla ya mwaka unaofuata. Na ile hukumu ya matone, ipi hedhi na ipi istihadha (damu isiyo ya hedhi), mpelekee ustadha au shekhe unayemwamini na umweleze kitaalamu, mwambie hii damu inatokana na dawa, inakuja nje ya siku zangu za kawaida, na siku zangu za kawaida ni tano. Ukimpa maelezo kamili atakujibu kamili.

Jambo moja sababu unanyonyesha. Kitanzi kutoboa kizazi wakati wa kuwekwa ni nadra sana, ni kama 1 au 2 kwa kila wanawake 1,000, ila kwa anayenyonyesha na aliyejifungua karibuni uwezekano unapanda kidogo. Haikuzuii, ila tafuta anayeviweka kila siku, sio anayejifunzia kwako.

Swali: Dada habari, mimi mwanaume nipo Dodoma. Mke wangu kaweka kitanzi cha shaba mwezi uliopita na mimi ndo nilimsindikiza. Tukiwa pamoja nahisi kitu kinanichoma kwa mbali. Washkaji wananiambia hicho kitu kitanidhuru na kinaweza kupanda mpaka kwenye moyo wa mwanamke. Naomba ukweli.

Jibu: Kaka, umefanya vyema kumsindikiza, wengine waige. Unachohisi ni uzi. Kitanzi chenyewe kipo ndani ya kizazi na huko huwezi kufika, ila vinyuzi vyake viwili vinaning'inia kwenye mlango wa kizazi ili kije kutolewa kirahisi. Uzi ukiwa mpya unakuwa mgumu kidogo, unalainika wenyewe kadri siku zinavyokwenda. Ukizidi kukusumbua mkeo arudi kliniki apunguziwe, au ukunjwe vizuri nyuma ya mlango wa kizazi, na usikatwe mfupi sana maana ukibaki kipande kifupi ndo kinachoma kweli. Kama unachohisi ni kigumu kama plastiki na sio uzi, arudi haraka, huenda kitanzi kimeshuka, inatokea kwa kama mwanamke 1 kati ya 20 na mara nyingi ni miezi ya mwanzo, na kikishuka hakimkingi tena.

Moyoni hakifiki, kizazi hakina njia ya kwenda moyoni. Na kitanzi hakizuii magonjwa ya zinaa kaka, hiyo inabaki kwenye uaminifu na kondomu.

Swali: Mambo anti. Nina miaka 23 nasoma chuo Mwanza sijawahi kuzaa. Nimekuwa nameza P2 mara nyingi mno mpaka nimechoka, hedhi zangu hazieleweki. Nikaenda kuomba kitanzi nikaambiwa nikazae kwanza, eti kitaniharibu kizazi nisipate mtoto. Ni kweli? Na je kinauma?

Jibu: Mdogo wangu, aliyekujibu hivo alikuwa anarudia hofu ya zamani yenye chanzo chake, ngoja nikueleze ili siku nyingine ujibu mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 huko Marekani kulikuwa na kitanzi kinaitwa Dalkon Shield. Uzi wake haukuwa uzi mmoja, ulikuwa nyuzi nyingi ndogo ndogo zimefungwa pamoja, bakteria wakawa wanapanda nao kutoka ukeni kwenda kwenye kizazi. Wanawake waliumwa vibaya, wengine walifariki, wengine walikuja kukosa watoto, kikaondolewa sokoni mwaka 1974. Hofu ile ikavifunika vitanzi vyote na ikafundishwa kwa vizazi vya manesi na madaktari duniani kote. Vya sasa uzi wake ni mmoja mmoja usiopitisha kitu namna hiyo, na miongozo ya Shirika la Afya Duniani inaruhusu kitanzi kwa msichana ambaye hajazaa, cha shaba na cha homoni.

Maambukizi yanayotokea sasa hivi yanatokea zaidi wiki tatu za kwanza, na mara nyingi ni kwa sababu mtu aliingia na kisonono au klamidia ambayo hakujua anayo na kitanzi kikasukumia ndani. Kwahiyo kapime kabla, na huyo mwenzio apime. Hicho ndo cha kuogopa, sio kutokuzaa.

Kipi kwako? Nirudi palepale, damu yako ikoje. Kwa sasa hujui sababu P2 zimeivuruga, kumbuka ilivyokuwa kabla ya P2. Kama ulikuwa unalia na chango kila mwezi mpaka unakosa vipindi, cha homoni kitakupunguzia. Kama ilikuwa nyepesi na sasa umechoka na homoni, cha shaba. Kuna na vitanzi vya homoni vidogo kuliko Mirena, mfano Kyleena ina miligramu 19.5 na ni miaka 5, huku kwetu ni nadra kuviona.

Na hili nataka wasomaji wote walijue. Cha shaba kinafanya kazi ya P2 na kinaishinda kwa mbali. Ukikiweka ndani ya siku tano baada ya kukutana na mwanaume bila kinga kinazuia mimba kwa zaidi ya asilimia 99, na kinabaki kukulinda miaka. P2 nguvu yake inapungua kila saa zinavyopita.

Kuuma, sikufichi, kinauma. Kwa asiyezaa kinauma zaidi. Kuna kifaa cha kufungulia uke, kuna kushika mlango wa kizazi, kuna kupima urefu wa kizazi, alafu T yenyewe kuingia, yote dakika tano mpaka kumi, na katikati kuna dakika moja mbili za chango kali la ghafla. Wengine wanapata kizunguzungu. Kula kabla ya kwenda, omba dawa ya maumivu mapema, omba na ganzi kama wanayo, na mtu akuambie kila hatua anayofanya. Ukisema simama, asimame.

Swali: Dada, naishi na virusi, natumia dawa vizuri na virusi havionekani. Nilikuwa na vijiti, dokta akasema zile dawa zinapunguza nguvu ya vijiti. Je kitanzi? Nipo Bukoba.

Jibu: Kitanzi unaruhusiwa, vyote viwili, maadam uko imara kiafya na unameza dawa zako. Dokta alikuwa anazungumzia efavirenzi, hiyo ndo inayovunja nguvu ya vijiti. Wengi sasa mmehamishiwa kwenye kidonge chenye dolutegraviri ambacho hakina ugomvi na vijiti, angalia kopo lako limeandikwa nini. Kitanzi cha shaba hakina dawa ya kuvunjwa. Cha homoni kinafanya kazi palepale kwenye kizazi kwahiyo hata efavirenzi haikisumbui, na hata ukija kutumia dawa za kifua kikuu zenye rifampisini ambazo zinavunja vidonge na vijiti, kitanzi kinabaki kazini. Kuchagua kati ya viwili, angalia damu kama wenzio. Nawaongezea na wenye selimundu (sickle cell) hapa hapa maana Tanzania tuna watoto wengi sana wanaozaliwa nayo na wasichana hao wanakua na kuolewa. Ninyi damu yenu ni ya kuhesabu, cha homoni ndo chaguo la kwanza, cha shaba mnaruhusiwa ila damu ipimwe mara kwa mara. Aliye na saratani ya matiti yeye cha homoni hapana kabisa, cha shaba ndiyo.

Swali: Hujambo dadangu, mimi ni mwalimu hapa Nakuru, niko na miaka 44. Daktari amesema niko na fibroidi mbili, yaani uvimbe kwenye nyumba ya uzazi, na ndizo zinafanya nitoke damu nyingi, akanipatia njia mbili, kutoa nyumba ya uzazi ama kuwekewa koili ya homoni. Sitaki operesheni lakini naogopa koili itaenda kukutana na hizo fibroidi. Nisaidie.

Jibu: Sijambo mwalimu. Rudi kwa daktari na swali moja, hizo fibroidi zimekaa wapi. Kama zimejitokeza ndani ya nyumba ya uzazi na kupinda nafasi yake, koili haina pa kukaa, si hii si ile. Kama zimejificha kwenye ukuta au ziko nje na nafasi ya ndani iko sawa, koili ya homoni inawezekana na ni jambo la busara kuijaribu kabla ya kisu. Wanawake wengi imewaepusha na operesheni. Fibroidi haziyeyuki kwa koili, kinachopungua ni damu. Na ujue kwa mwenye fibroidi koili inatoka yenyewe mara nyingi zaidi, ndio maana lazima urudi kuangaliwa baada ya wiki nne hadi sita, na kila baada ya mwezi uguse uzi.

Kwa umri wako, mwulize pia kama kuna haja ya kuchukua kipande kidogo cha utando wa ndani kipimwe kabla ya kuwekewa. Damu nyingi baada ya miaka 40 haifai kufunikwa bila kujua imetoka wapi. Miongozo ya Uingereza inasema ukiwekewa ya miligramu 52 ukiwa na miaka 45 au zaidi inaweza kukukinga mimba mpaka ufikishe 55, wewe unakosa mwaka mmoja tu, ukivuka hapo itakuwa imekufikisha ukomo wa hedhi. Koili ya shaba kwa sasa wacha kabisa.

Swali: Nina kitanzi cha shaba mwaka wa tatu, nataka mtoto mwingine. Nesi anakataa kukitoa, eti muda haujafika na niende na mume wangu. Nifanyeje? Nipo Morogoro.

Jibu: Muda ulioandikwa kwenye kadi ni mwisho wa kazi ya kitanzi, sio kifungo. Ukikitaka kitoke mwezi wa pili kinatoka, mwaka wa tatu kinatoka, na sababu sio lazima utoe, iwe mtoto, iwe damu, iwe hukitaki tu. Mwili ni wako na wewe ni mtu mzima, kuja na mume ni hiari yako. Mwone mganga mfawidhi wa hapo kituoni umweleze, akikataa nenda kituo kingine na kadi yako. Usijivute mwenyewe uzi nyumbani wala usimwambie mtu asiyesomea akuvute. Kliniki ni dakika chache tu, anashika uzi anavuta taratibu, mikono ya T inajikunja, kimetoka. Uzi usipoonekana utafanyiwa ultrasaundi kujua kiko wapi, usiogope.

Kikitoka mimba inaweza kuingia mwezi huo huo, hakuna kusubiri kama kwenye sindano ambayo wengine wanakaa miezi mingi. Na ikitokea siku zako zimechelewa kabla hujakitoa, pima mimba siku hiyo hiyo, kwa sababu mimba inayoingia kitanzi kikiwa ndani ina uwezekano mkubwa zaidi wa kutunga nje ya kizazi. Maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo, kuzimia au bega kuuma bila sababu, hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni usiku. Kama hakuna hayo, omba foliki asidi sasa na uanze kuimeza kila siku kabla hata ya tarehe ya kwenda kukitoa.